Sura ya Sita: Kitara Kilichopigwa Tupa

Inspekta Eliufoo alikisogeza kipande cha kitara karibu na dirisha, mara ya nne asubuhi ile, akakigeuza taratibu. Pale kilipokatikia palikuwa na rangi mbili. Upande mmoja chuma kiling'aa kwa chembechembe kama chumvi. Hapo kilivunjika chenyewe. Upande wa pili palikuwa na mfuo mwembamba, laini, wenye umbo la kabari, ulioanza kushika kutu.

"Mwalimu, vitara huvunjika?"

"Huvunjika," alijibu Ebenezeri. "Hungaria, nilikosomea mchezo huu wa kupambana kwa vitara, nilivunja vinne kwa miaka mitatu. Lakini hukatika karibu na ncha. Hiki kimekatikia katikati. Sijapata kuona."

Walikuwa peke yao katika ukumbi wa shule ya misheni pale Mwika. Wanafunzi wa shule walikuwa likizo, na viti vilikuwa vimerundikwa pembeni. Sakafuni bado kulionekana mstari wa chokaa ambao timu ya vitara ya chuo kikuu ilikuwa ikiufuata kwa siku kumi. Wachezaji walikuwa wanne, wote wazaliwa wa mlimani huko. Chuoni watu walinong'ona kwamba Ebenezeri amejichagulia ndugu zake. Yeye aliapa kwamba amechagua pumzi ndefu, na pumzi ndefu huota mlimani. Mwezi wa sita walikuwa waende Hungaria. Sasa ilikuwa Ijumaa, katikati ya Machi 1975, na mmoja wao, Damian, alikuwa amelazwa Moshi tangu Jumatano, pafu limetobolewa.

"Nieleze tena ya Jumatano."

"Niliwaita Damian na Kalisti wapambane. Haikuwa kwenye ratiba, nilitaka tu kuwaona. Bao la tatu Kalisti akarukia mbele. Kitara kikapinda, kikakatika, naye mwili umeshakwenda, hawezi kujizuia. Kipande kikaingia chini ya kwapa, pale koti lisipofika."

"Kitara cha nani?"

"Chake mwenyewe. Kalisti ni wa mkono wa kushoto. Mpini nilimchongea mimi kwa mti wa mringaringa. Mwingine hawezi kukishika."

"Na cha akiba?"

"Cha mkono wa kushoto tunacho hicho kimoja tu."

Eliufoo aliandika, kisha akauliza bila kuinua kichwa. "Kuna desturi ya kukagua kitara kabla ya kuanza?"

Ebenezeri alitazama chokaa ya sakafuni. "Ndiyo sheria ya kwanza. Kila mmoja anakipinda mbele ya mwalimu. Jumatano niliwaharakisha. Nilisema, tayari, anzeni. Mama yake Damian aliponiuliza kama walikagua, nilimwambia walikagua. Nimekuwa mwalimu miaka minane, Inspekta, na nimemdanganya mwanamke aliyekaa kando ya kitanda cha mwanawe."

Eliufoo aliviringisha kipande kile katika gazeti na kukitia mkobani.

Avelina, msichana pekee katika timu, alikuwa amekaa barazani na sweta mabegani. Baba yake alikuwa katekista wa kijiji cha jirani, naye alizungumza kama mtu aliyezoea kuungama.

"Kalisti na Damian walikuwa na ugomvi?"

"Si ugomvi. Damian alikuwa na mdomo. Jumanne, tukila mtori, mwalimu alitukumbusha alilotutangazia Jumamosi, kwamba kabla pasipoti hazijatoka, ofisa atafika nyumbani kwa kila mmoja kuhakiki wazazi. Damian akamgeukia Kalisti, akamwambia, 'Wewe Rombo utamwonyesha nini, makaburi?' Tukacheka."

"Ninyi nyote?"

"Hata mimi." Alijikunyata katika sweta. "Kalisti alituambia siku nyingi kwamba wazazi wake ni marehemu. Baba mwalimu mkuu, mama muuguzi. Damian alikuwa hasadiki. Nilijua haifai kucheka, lakini nilicheka."

"Baada ya hapo?"

"Jumatano alfajiri, nikienda kuchota maji, nilimsikia Kalisti humu ukumbini. Kuna godoro tumelifunga ukutani la kufanyia mazoezi. Alikuwa analichoma kwa nguvu, bila kupumzika, kama mtu anayetaka kuvunja kitu. Nilihesabu hadi arobaini, ndoo ikajaa, nikaondoka."

Eliufoo alirudi ukumbini kulitazama godoro. Lilikuwa limetoboka vibaya, pamba zikining'inia. Aliandika mstari mmoja, akaupigia chini mistari miwili.

Lililomsumbua sasa lilikuwa tupa iliyochonga mfuo ule. Tangu Alhamisi alikuwa amepekua mabweni, jiko, hata karakana ya shule, ambako mlinzi alimhesabia vifaa kimoja kimoja. Hapakukosekana kitu wala hapakupatikana tupa isiyo na mwenyewe. Mchezaji wa nne, Sirili, alikuwa mtoto wa mhunzi wa Mamba, na Eliufoo alipolisikia hilo alidhani kazi imekwisha. Alikwenda Mamba mchana uleule. Mzee alimtolea tupa zake zote na kuzitandaza juu ya gunia bila kinyongo. Zote zilikuwa bapa, pana, za meno makubwa. Hakuna hata moja ambayo ingechonga mfuo wa umbo la kabari.

"Mfuo wa namna hii," alisema mhunzi akiupapasa kwa ukucha, "ni wa tupa ya pembe tatu. Sisi hatuitumii. Hiyo ni ya watu wa misumeno."

Jumamosi asubuhi, ofisini Moshi, Eliufoo alizitandaza mezani fomu nne za wasifu zilizoletwa kutoka chuoni. Sirili alikuwa ameandika kweli: mtoto wa mhunzi. Avelina kweli: mtoto wa katekista. Damian, ambaye baba yake Wenseslaus alikuwa na malori manne na nyumba mbili za kupangisha, alikuwa ameandika "mtoto wa mkulima mdogo". Eliufoo alitabasamu kidogo. Siku hizi kila mwenye nacho alikuwa mkulima mdogo. Kisha akaisoma ya Kalisti, tabasamu likamtoka. Baba, mwalimu mkuu, marehemu. Mama, muuguzi, marehemu. Kijiji, Mkuu, Rombo.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Wenseslaus, amevaa koti la mvua, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Inspekta, mwanangu anapumulia mpira. Aliyemchoma unaye hapa tangu Alhamisi. Unangoja nini?"

"Nangoja kujua kwa nini, mzee."

"Alitaka kumuua! Kupiga chuma tupa si kutaka kuua? Usiponiandikia shitaka la kujaribu kuua leo, nitakwenda kwa mkubwa wako."

"Jumatatu, mzee. Nipe mpaka Jumatatu."

Aliporudisha mlango nyuma ya mzee yule, alichukua funguo za Landrova.

Barabara ya Rombo ilikuwa tope jekundu, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Eliufoo alikuwa mtu wa Machame, na Kirombo kilimpita pembeni, kwa hiyo pale sokoni Mkuu aliuliza kwa Kiswahili. Aliuliza habari za familia ya marehemu mwalimu mkuu, mwenye kijana anayesoma chuo kikuu.

Muuza ndizi alimwangalia kwa mshangao. "Anayesoma chuo kikuu hapa ni Kalisti tu. Huyo si wa mwalimu. Huyo ni wa Mektrida, anayepika mbege, pombe ya ndizi. Fuata mfereji, nyumba ya tatu."

Alimkuta mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini hivi, akianika ulezi juu ya jamvi chini ya upenu. Pipa la mbege lilikuwa linachemka jikoni na harufu yake ilijaa ua mzima. Mwanamke alijifuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, baba. Umepotea njia?"

"Sijapotea, mama. Natoka Moshi. Nafuatilia habari za wanafunzi wa timu ya chuo, wale wanaokwenda Ulaya."

Katika maneno hayo hapakuwa na uongo hata mmoja, na hapakuwa na ukweli uliotosha. Alikuwa amevaa koti la kiraia. Aliliacha neno polisi lilale mfukoni pamoja na kitambulisho chake.

Uso wa Mektrida ulikunjuka. "Ndiwe! Kalisti alisema atakuja mtu kuniona. Kaa, kaa hapa penye kiti kizima."

Eliufoo aliketi. "Alikuambia lini?"

"Jumapili iliyopita. Alikuja, baba! Mwaka wa pili huu nilikuwa sijamwona. Aliniuliza, mama, akija mtu kuuliza habari zangu utasema nini? Nikamwambia, nitasema ni mwanangu, nitasema nini kingine? Hata mtori hakumaliza." Aliingia ndani, akatoka na kopo la biskuti lililojaa karatasi za ripoti tangu darasa la kwanza, zimekunjwa vizuri. "Sijui kusoma, ila namba moja naijua."

"Baba yake?"

"Mpasua mbao. Mti ulimwangukia akafa, Kalisti akiwa na miaka tisa."

Eliufoo aliuliza polepole. "Vifaa vyake bado unavyo?"

"Msumeno niliuuza. Tupa nilikuwa nimeiweka, ile ndogo ya pembe tatu ya kunolea meno. Hiyo Kalisti aliichukua Jumapili. Alisema anataka kumbukumbu ya baba yake." Alitabasamu. "Nilifurahi. Nilidhani ameshamsahau."

Nje matone ya mvua yalianza kuangukia majani ya migomba. Eliufoo alifungua jalada lenye fomu ya Kalisti ili apate pa kuangalia. Mektrida alisogea karibu yake na kuinamia ile fomu.

"Ni karatasi yake hiyo? Na mimi mmeniandika humo?"

"Umo, mama."

"Jina langu limekaa wapi?"

Eliufoo, askari wa miaka kumi na tisa, aliyewahi kuwatazama wauaji machoni bila kupepesa, alishindwa kumtazama mwanamke yule. Alinyoosha kidole chake, akakiweka kwenye mstari wa mama. Mektrida naye akaweka chake palepale, akakipitisha taratibu juu ya wino.

"Mektrida," alisema, kama anayesoma.

Eliufoo alipokuwa anaondoka, Mektrida alimkabidhi kikapu cha ndizi na kuku aliyefungwa miguu, ampelekee Kalisti. Eliufoo alivipokea. Hakupata njia ya kuvikataa.

Kalisti aliletwa chumba cha mahojiano saa tisa alasiri. Alikuwa kijana mwembamba, mrefu kama mama yake, na mkono wake wa kushoto haukutulia. Eliufoo aliweka mezani vipande viwili vya kitara na kukaa.

"Tupa iko wapi?"

"Tupa gani?"

"Ya pembe tatu. Ya marehemu baba yako, mpasua mbao."

Mkono wa kushoto ulitulia ghafla.

"Umefika kwetu."

"Nimefika."

"Umemwambia?"

"Sijamwambia kitu. Iko wapi?"

"Nimeitupa mtoni. Basi andika. Nilipiga tupa kitara changu ili kimchome Damian. Alinidharau mbele ya watu. Nilitaka kumuua. Andika, nitatia sahihi."

Eliufoo alichukua kalamu, kisha akaiweka chini.

"Jumatano alfajiri ulikuwa unachoma godoro. Avelina alihesabu arobaini. Mtu anayeandaa kitara kivunjike mwilini mwa adui yake hakivunji kwanza kwenye godoro. Wewe ulitaka kikatikie pale, peke yako. Kitara cha mkono wa kushoto ni kimoja. Kikivunjika, Hungaria huendi. Usipokwenda, pasipoti haitakiwi. Na pasipoti isipotakiwa, ofisa hafiki Mkuu. Nimekosea?"

Kalisti alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa nini hukujitoa tu?"

"Mwalimu angeuliza sababu. Chuma kikivunjika, hakuna anayekiuliza. Kilikataa kuvunjika. Nilichoma mpaka bega likafa ganzi. Nikasema nitajaribu tena jioni. Ndipo mwalimu akatuita."

"Ungesema kitara kina kasoro."

"Neno moja tu," alisema Kalisti. "Nilikuwa nalo mdomoni. Damian alikuwa anavaa kinyago, ananitazama na kucheka. Nikafikiri, nikisema, wataukagua huu mfuo, wataniuliza. Nikanyamaza. Bao la kwanza kikastahimili. La pili kikastahimili. Nikasema moyoni, labda..." Hakumaliza.

"Haya ndiyo tutakayoandika," alisema Eliufoo. "Ni kosa, na utalijibu. Lakini si kujaribu kuua. Tofauti yake ni miaka mingi ya maisha yako. Ila hakimu hatasadiki maneno yako matupu wakati mzee Wenseslaus analia kizimbani. Atataka shahidi wa kueleza ulikuwa unaogopa nini. Shahidi huyo ni mama yako."

Kalisti alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. "Hapana! Mama asije. Andika nilitaka kumuua!"

"Unajua unachokisema? Kifungo cha maisha?"

"Atasimama pale wote wakimtazama. Atasomewa kwamba mwanawe alimwandika marehemu akiwa hai. Nifunge, Inspekta. Nakuomba. Nifunge, yeye asijue."

Eliufoo alikiokota kiti, akakisimamisha. "Miaka yote ya kushika namba moja," alisema, "na hukupata kujifunza kwamba siku hizi chuo kinatafuta watoto wa wakulima kwa tochi? Ungeandika ukweli, wangekupigia makofi."

"Najua. Wangenipigia makofi," alisema Kalisti. "Wenzangu ndio wangenicheka. Nilianza kudanganya nikiwa na miaka kumi na tatu, siku mama alipokuja shuleni na mtungi wa mbege kichwani na wavulana wakaziba pua. Nilisema ni mtumishi wa kwetu. Baada ya hapo kila uongo ulidai mwingine."

Jumapili, misa ilipokwisha, Landrova ilisimama tena kando ya mfereji. Safari hii Eliufoo alivaa sare. Mektrida alimwona, akaiona na kofia, uso wake ukabadilika polepole.

"Mama, jana nilikudanganya," alisema Eliufoo akiwa bado amesimama. "Mimi ni polisi. Mwanao yuko mikononi mwangu."

Alimweleza yote bila kuketi: tupa, godoro, Damian, fomu. Mektrida alisikiliza huku akikoroga pipa. Eliufoo alipomaliza, ule mwiko mrefu uliendelea kuzunguka kidogo, kisha ukasimama.

"Pale nilipoweka kidole," aliuliza, "paliandikwa nini?"

Eliufoo alivua kofia. "Marehemu."

Mwanamke alikitazama kidole chake. Alikifuta kwenye kanga, mbele na nyuma, kama kimechafuka.

"Na wewe uliniacha nikishike."

"Nilikuacha, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Na nimekuja kukuomba ushahidi, ingawa sistahili kupewa."

Mektrida aliondoa kuni mbili chini ya pipa, akazizima kwa maji. "Ningoje nivae," alisema.

Njiani, walipofika Himo, alisema tu kwamba mvua zimewahi mwaka huu. Kituoni Moshi, koplo wa mapokezi alifungua kitabu cha wageni. Kalisti alikuwa ameshatolewa, amekaa kwenye benchi kati ya askari wawili, na alipomwona mama yake mlangoni aligeuzia uso ukutani.

"Jina?" aliuliza koplo.

"Mektrida."

"Una uhusiano gani na mtuhumiwa?"

Mektrida aliutazama mgongo wa mwanawe. "Jirani," alisema. "Mimi ni jirani tu."

Koplo aliandika. Hilo halikuwa la Eliufoo kusahihisha.

"Futa hapo," alisema Kalisti kutoka kwenye benchi. Alikuwa amegeuka, uso umelowa. "Koplo, futa. Si jirani. Ni mama yangu." Akasimama, na askari wakamwachia. "Shikamoo, mama."

Mektrida hakuitika. Alikwenda kwenye benchi, akaketi, akakunja mikono juu ya mapaja.

"Mwambie afande yote," alisema. "Nami nisikie."

Kalisti alisema yote, kwa sauti, mbele ya koplo na askari wawili na mwanamke mwingine aliyekuja kuulizia mbuzi aliyeibwa. Ilichukua saa nzima. Mara mbili sauti ilimkatika, na mara zote mbili mama yake alingoja bila kumsaidia. Eliufoo aliandika kurasa sita. Kalisti akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, na Mektrida akaweka dole gumba chini ya maelezo yake mwenyewe, baada ya kutaka asomewe kila mstari mara mbili.

Mektrida alipokwisha kupangusa wino kidoleni alisimama.

"Huyo kijana aliyechomwa. Ana mama?"

"Anaye. Anaitwa Odilia. Hajatoka hospitali tangu Jumatano."

"Nipeleke."

"Mama, usiende," alisema Kalisti. "Baba yake yupo pale. Watakutukana."

Mektrida alijifunga kanga upya, akaikaza kiunoni.

"Watanitukana," alisema. "Mtu asiye na mtoto ndiye asiyetukanwa kwa ajili ya mtoto. Marahaba, Kalisti."

Akatangulia kutoka, na Eliufoo akamfuata nyuma, kofia mkononi.